Mgeni wa Nyumba ya Sekela

Mbeya, 12 Machi 2023

Kwako Dada Bernadetha,

Kamwene. Pole na kazi, na pole na baridi ya huko, ambayo nasikia haina mzaha. Hunifahamu, kwa hiyo usishtuke. Naitwa Heri, ni mpiga picha hapa Mbeya. Napiga za harusi, za kipaimara, na zile ndogo za pasipoti. Anwani yako nimepewa na kaka yako Paul wa Makambako, kwa agizo la mama yenu. Mama ni mzima na anakusalimu sana. Alinisisitizia hilo nilitangulize, nisianze na maneno yangu.

Nilisoma Mwaka wa Sakitu, kile kitabu cha shule, nikiwa kidato cha tatu. Nadhani nawe uliusoma, nani hakuusoma? Sakitu, ule umande wa kuganda, inaunguza viazi, kijiji kizima kinahamia bondeni, Sekela anabaki peke yake juu uwandani akimngoja mume aliyekwenda kukata mkonge. Mwalimu wetu alikuwa akisoma kwa sauti na darasa zima linanyamaza, hata wale wa nyuma. Nikajiapiza kwamba siku moja nitapaona Ilevelo, kijiji chenyewe cha kitabuni, kwa macho yangu. Wiki iliyopita nimepaona.

Nilikuta maua yamechanua uwanda mzima, na ukungu ulikuwa unakuja na kuondoka kama mtu asiye na uhakika wa safari. Nikamwuliza mama mmoja aliyekuwa akipalilia njegere, nyumba ya Sekela iko wapi? Akanyoosha jembe bila hata kuinua kichwa. Kumbe ni nyumba yenu.

Mama yako alitoka akinifutia kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kumtafuta Sekela?"

"Ndiyo, mama."

"Hayupo, mwanangu, na hajawahi kuwapo. Mwalimu aliyeandika kile kitabu alipanga chumba kwa jirani. Kila akifungua dirisha anaiona nyumba yangu, akamtia mwanamke wake humo. Mimi ni Mama Paul. Sekela hakuzaa, mimi nina watoto wawili, mmoja Makambako, mmoja Marekani. Ingia basi, viazi vinapoa."

Nilicheka, nikamfuata ndani. Alinilisha viazi na maziwa mgando, akanionyesha chumba ulichokuwa ukilala. Nilipoomba kumpiga picha akaniambia, "Piga, ila umpelekee Bernadetha kwanza, kabla hujawaonyesha watu wako." Ndiyo hizi, dada. Zimo kumi na mbili. Nitarudi wakati wa baridi kuitafuta sakitu yenyewe, kama ilivyo kwenye ukurasa wa kwanza.

Mgeni wa mama yako,
Heri

*

Brooklyn Park, Minnesota, 2 Aprili 2023

Mdogo wangu Heri,

Kwa unavyoandika, nadhani umri wako nimeuzidi. Niruhusu nikuite hivyo. Asante hata sijui niianzie wapi. Sisi tu wazima, mimi na binti yangu Maureen. Jana theluji imetumwagikia tena, Aprili hii, nene na nzito ya kuvunja matawi, na leo nimechelewa ibada ya Kiswahili kwa sababu ya kulifukua gari. Nilifungua barua yako nikiwa nimekaa ndani ya gari hilo hilo, kioo kikiwa bado hakijayeyuka. Nililia, halafu nikacheka pale pa viazi vinapoa. Ni yeye kabisa. Maureen aliangalia juu ya bega langu akauliza, "Is that Grandma?" Hajawahi kumwona ila kwenye simu, na mtandao wa kule unaujua.

Picha nimezitazama mara nyingi kuliko ulivyozipiga. Naomba usinione mkosoaji, ni macho ya kazi. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee hapa Crystal, upande wa wale waliopoteza kumbukumbu. Kwenye picha ya nne, mama amefunga vifungo vya sweta kila kimoja kwenye tundu la kingine. Mama yangu, Heri! Aliyekuwa akiturudisha mlangoni kwa sababu ya kola iliyopinda! Kwenye ile ya jikoni, sufuria ya maziwa imewekwa pembeni ya mafiga, siyo juu yake, na yeye anaitazama kana kwamba inachemka.

Labda nimeona visivyokuwepo. Ukienda tena, nakuomba unitazamie. Je, anakula yeye mwenyewe, au anakula mgeni akija tu? Anafunga mlango? Akikuuliza jambo, analiuliza tena?

Utajiuliza kwa nini siendi mwenyewe. Kesi yangu ya makaratasi ya ukaazi bado inasubiri, na inasubiri tangu Maureen akiwa darasa la pili. Wakili wangu, ana ofisi kule Phillips, nilimwuliza mwaka jana kama naweza kutoka hata wiki mbili tu. Akaniambia, "Kutoka unaweza. Ila ukitoka, mlango ukajifunga nyuma yako, mimi sina ufunguo wake." Maureen naye nimwache na nani?

Mtunze mama yangu kwa macho yako.

Dada yako,
Bernadetha

*

Mbeya, 9 Julai 2023

Dada yangu Bernadetha,

Natumaini joto limewafikia na Maureen anaendelea vyema. Mimi nimetoka Ilevelo juzi, masikio bado yanauma kwa baridi.

Nianze na la furaha. Nimeipata. Niliamka alfajiri nikakuta uwanda mzima mweupe, kila unyasi umevaa chumvi, na nyumba yenu katikati. Mama yako akatoka na blanketi jeusi mabegani kutazama kuku wake. Nikapiga. Miaka kumi na tano nimeshika kamera, sijawahi kupiga picha kama hiyo. Nimeibandika ukurasani kwangu mtandaoni na watu wamekuwa wakiituma huku na huku hadi nimeshangaa. Wanaandika chini yake, Sekela yu hai.

Sasa uliyoniuliza. Nimezunguka sana kabla ya kuyaandika, maana si mambo ya kumwambia mtu aliye mbali.

Hakunitambua. Hilo si kitu, nilikuja mara moja tu. Lakini aliniuliza mimi ni mtoto wa nani, nikamjibu, akaniandalia chai, akaketi, akaniuliza tena. Mara ya tatu alikasirika kidogo, kana kwamba mimi ndiye niliyekataa kujibu. Chai ilikuwa na chumvi. Niliinywa yote. Chini ya kitanda chako nilikuta viazi vya kupanda vimeota mikia mirefu; msimu umempita. Jirani anamletea chakula jioni, na asubuhi hana uhakika kama anakula. Mlango haufungi. Anasema Bernadetha yuko kisimani, akirudi atakuta pamefungwa.

Nilikaa siku mbili zaidi, nikapasua kuni, nikaziba dirisha la jikoni. Kisha ilinibidi nirudi, kulikuwa na harusi. Sikujua nimuage vipi. Nilisema nakwenda kisimani.

Mdogo wako,
Heri

*

Brooklyn Park, 26 Novemba 2023

Mdogo wangu Heri,

Pole na ukimya wangu. Afya ipo. Roho ndiyo iliyokuwa imelala.

Paul atakuwa amekueleza. Mwezi wa kumi mama alitoka usiku, wakamkuta asubuhi upande wa pili wa uwanda, ameketi kwenye majani, miguu mitupu. Wachunga kondoo walimvika makoti yao. Paul alinipigia nikiwa natoka kazini na nilichofanya ni kumfokea. Kwa nini hakumchukua mapema, kwa nini hajamweka mtu pale. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole, "Dada, umemaliza? Basi njoo." Hakuwa akinitukana. Alikuwa amechoka tu.

Unajua kinachonitesa? Nalipwa kwa ajili ya jambo hili hili. Kuna bibi wa Kimarekani, kila saa kumi jioni anataka kwenda kuwapokea watoto shuleni. Watoto wake wana wajukuu. Mimi simwambii hivyo. Namletea koti, tunatembea ukumbini, tunasema shule leo imechelewa kufunga. Anatulia. Familia yake wananishukuru kwa machozi. Naendesha kurudi nyumbani barabara ya 694 na taa za magari zote naziona kwenye maji.

Ila sasa kuna nafuu. Paul ameamua kufunga duka lake Makambako, yeye na mkewe Haika wamehamia Ilevelo kukaa na mama. Haika ni Mchaga, hajazoea baridi ile, na amekubali. Nilipiga magoti kabisa, Heri, kwenye zulia, Maureen akinitazama. Mungu awape nguvu.

Ukipita pale, niambie tu kama moshi unatoka jikoni.

Dada yako,
Bernadetha

*

Brooklyn Park, 18 Agosti 2024

Heri,

Salamu nitakupa siku nyingine.

Maureen ameniletea simu yake. Kuna wanafunzi wa chuo, sijui wa wapi, wamejirekodi wako Ilevelo. Mlangoni kwetu kuna kibao: NYUMBANI KWA SEKELA, KARIBUNI. Nyuma kuna vyumba vipya vya wageni. Mama ameketishwa kwenye kiti barazani, amefunikwa blanketi jeusi, na watoto wa watu wamepanga foleni. Mmoja mmoja anaketi karibu yake, anapigwa picha, anaondoka. Mmoja amemwambia, "Sekela, mume wako amerudi?" na wenzake wakacheka.

Na mama akacheka nao.

Lile blanketi ni la picha yako. Kiti kimewekwa mahali aliposimama kwenye picha yako. Ulipaona pazuri, ukawaonyesha njia. Paul hapokei simu zangu. Wewe je, ulijua? Umekwenda mara ngapi na hukuniambia?

Bernadetha

*

Mbeya, 30 Septemba 2024

Dada yangu Bernadetha,

Shikamoo. Nakuamkia hata kama hutaitikia. Nilitaka kukujibu siku ile ile, nikaona ningeandika maneno ya kujitetea tu. Nikafunga studio, nikapanda Ilevelo, ndipo niandike nilichokiona.

Sikujua. Tangu Februari nilikuwa sijakwenda, na Februari kulikuwa na matofali tu uani. Paul aliniambia anajenga banda la kuku. Kuhusu picha umesema kweli, sina la kuongeza.

Nilifika saa nne asubuhi. Wageni walikuwa sita. Mama yako alikuwa barazani kama ulivyoona, lakini nikuambie yale ambayo simu haionyeshi. Ni msafi. Amenenepa kidogo. Vifungo viko sawa, kucha zimekatwa. Pembeni yake kuna jiko la mkaa kumkinga na baridi. Nilisubiri wale wageni waondoke, nikasogea.

"Shikamoo, Mama Paul."

Hakugeuka. Nikarudia. Akatazama nyuma yangu, kumtafuta huyo Mama Paul.

Haika alikuwa anaanika mashuka. Akanijia akifuta mikono, akasema kwa sauti ya chini, "Ukimwita hivyo haitiki tena. Tangu mwezi wa tano. Mwite Sekela."

Sikuweza, dada. Nikaenda kuongea na Paul.

Tulikaa nyuma ya vyumba vile vipya. Nikamwambia maneno yako yote, hata makali. Akanisikiliza akichonga kijiti.

"Heri, wewe unakuja na kuondoka," akasema. "Mimi niko hapa. Tulipohamia, mama alikuwa akilia kutwa. Anatoka, tunamrudisha, anatoka. Nilifika mahali pa kumfungia, unasikia? Mama yangu mzazi nimemfungia kwa komeo. Siku moja wakaja wasichana wawili na ile picha yako, wakamwambia, wewe ndiye Sekela? Akawatazama. Akasema, ndiye, karibuni, mmetoka mbali? Siku hiyo hakutoka kwenda popote. Alikaa akiwangoja wengine waje."

"Lakini kibao, Paul. Na vyumba."

"Duka nimefunga. Tule nini hapa, maua?"

Haika alikuwa amesimama karibu na kamba. Hakunitazama, alikuwa anakamua shuka. "Mwambie wifi yangu nampenda," akasema. "Mwambie pia kwamba kila asubuhi namwogesha mama yake, na ananipiga, na ananitukana kwa Kikinga mpaka nimekijifunza. Akitaka kiti kiondolewe, aje amwogeshe yeye. Kiti nitakiondoa siku hiyo hiyo."

Nimekuandikia kama alivyosema. Nimeshindwa kuona nani nimkasirikie. Jioni kabla sijaondoka nilirudi barazani. Mama akanishika mkono, mkono wake una joto, akaniambia nisichelewe, ukungu unashuka. Kamera sikuitoa kwenye mkoba.

Mdogo wako,
Heri

*

Brooklyn Park, 20 Oktoba 2024

Mdogo wangu Heri,

Marahaba. Na unisamehe ukali wangu. Huku majani yote yameshaanguka na sisi ni wazima wa mwili.

Barua yako nilimsomea Sosthène, Mkongomani tunayefanya kazi pamoja, maana nilihitaji mtu mzima wa kuniambia nifanye nini. Akaniuliza, "Dada, mama anakula?" Anakula. "Analala?" Analala. "Wanamupiga?" Hapana, yeye ndiye anayewapiga. "Alors, shukuru Mungu, dada. Mama yangu mimi sijui hata kaburi yake iko wapi." Kweli anayo haki. Lakini nilipofika nyumbani moyo ulikataa. Mama yangu hatakufa akiwa mtu wa kitabu.

Nakuomba jambo kubwa. Najua wewe si ndugu yangu wa damu na sina haki. Nimeongea na Paul, hatimaye amepokea, naye amekubali. Nadhani amekubali kwa kuchoka. Mteremshe mama Mbeya. Aone daktari wa hospitali kubwa, akae kwako wiki chache na mkeo, mbali na kile kiti na wale watu. Mwite jina lake kila siku. Mimi nitampigia kila asubuhi yenu, mtandao wa mjini ni mzuri, ataniona uso. Wapo wanaorudi kidogo wakitolewa kwenye kelele. Nimewaona kwa macho yangu hapa kazini.

Usipoliweza hili sitakulaumu.

Dada yako,
Bernadetha

*

Mbeya, 5 Januari 2025

Dada yangu Bernadetha,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Maureen. Mengine unayajua kwa simu, lakini kwenye simu ulikuwa unaona uso tu, na mara nyingi mke wangu alikuwa anaigeuza ukutani makusudi. Unanidai ukweli wote.

Siku ya kwanza hapa Mbeya mama alikuwa kimya, tukadhani ni uchovu wa njia. Daktari alikuwa mpole. Akasema ugonjwa huu hauna dawa ya kuurudisha nyuma, akatuandikia ya usingizi, akasema tumpe mazingira aliyoyazoea. Nikamwuliza, na kama aliyoyazoea ndiyo yenyewe tunayomtoa? Akavua miwani akaifuta.

Tulimwita Mama Paul kama ulivyosema. Kila tukimwita alikuwa anatazama mlango. Uliona mwenyewe ulipompigia, ulisema, "Mama, ni mimi Bernadetha," akamgeukia mke wangu akauliza huyu mama analilia nini, amefiwa? Ukakata simu. Hukukata wewe? Basi ni mtandao, na tuseme ni mtandao.

Wiki ya pili akaacha kula. Mke wangu alimbembeleza kwa uji, kwa ndizi, kwa maziwa ya mgando niliyoyatafuta mpaka Uyole. Anafumba mdomo. Alikuwa anasimama dirishani akisema wageni wamefika na hakuna aliyewafungulia, wamesimama kwenye baridi, tuna roho gani sisi. Alikuwa analia kwa ajili yao, dada, hao wageni. Mkesha wa Krismasi alianguka bafuni. Hakuvunjika, lakini nilipomwinua nilimwona mwepesi kama koti tupu.

Nikampigia Paul. Nikampigia na wewe, ulikuwa kazini. Sikungoja. Tarehe ishirini na saba nimemrudisha Ilevelo.

Maua yalikuwa yameanza. Haika alitoka nje akikimbia, akamkumbatia, akaanza kulia, na mama akamwambia, "Usilie, binti, ingia ndani, umetoka mbali?" Akaketi kwenye kiti chake mwenyewe, bila kuketishwa. Akaomba kiazi. Alikula viwili.

Nimeshindwa kazi uliyonituma. Nilijaribu kana kwamba mimi ni mwanawe.

Mdogo wako,
Heri

*

Mbeya, 14 Septemba 2025

Dada yangu Bernadetha,

Shikamoo dada, na Maureen hajambo? Miezi minane hujaandika, sikulaumu. Nakuandikia tu ujue kwamba naendelea kwenda. Nimekwenda Machi, Juni na wiki iliyopita. Wenye mabasi wananijua sasa, wananiuliza kama nimeoa kule.

Zamani nilikwenda kwa ajili ya kitabu. Nilipokisoma tena juzi nikakiona kina baridi kuliko nilivyokumbuka. Sasa nakwenda kuketi naye. Napanga foleni kama wageni wengine, zamu yangu ikifika naketi. Paul amepiga marufuku wale wa kumdhihaki. Msichana mmoja alimfukuza mwenyewe kwa mikono yake. Mama hatembei tena mbali. Sauti imepungua lakini bado anamkaribisha kila mtu.

Paul ameweka mtandao kwa ajili ya wageni, unashika mpaka barazani. Sisemi zaidi. Ukitaka, niambie siku na saa, nitakuwapo.

Mdogo wako,
Heri

*

Brooklyn Park, 1 Februari 2026

Mdogo wangu Heri,

Najua umesharudi Mbeya salama, na mkeo hajambo. Huku tupo. Baridi imefika pale ambapo pumzi inaganda kwenye skafu, na siku hizi, kwa hofu ya askari wa uhamiaji, watu wetu hawatembei ovyo. Tunakwenda kazini na kurudi, na ibada ya Kiswahili tunaifanya kwa simu. Wakili amesema tuendelee kusubiri. Sijui kama bado anaamini anachosema au ni huruma.

Juzi ulipompa mama simu mikononi ukatoka uani kutuachia nafasi, hukusikia tuliyozungumza. Nataka uyajue, kwa sababu wewe ndiye uliyetuketisha pamoja.

Nilikuwa nimetoka shifti ya usiku, ndani ya gari, mbele ya nyumba ya wazee. Kumekucha, theluji imefika kwenye magurudumu. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nilitaka kumwambia jina lake, jina la baba, majina yetu, hata jina la yule ng'ombe wa baka jeupe. Nikamwona. Amezeeka, Heri. Akaitazama simu kwa makini sana, kama anayechungulia dirisha la watu, akasema:

"Karibu. Umetoka mbali?"

Kila siku nafanya kazi hii kwa mama za watu. Nawaletea koti, natembea nao. Sijui kwa nini ilinichukua miaka mitatu.

Nikamjibu, "Nimetoka mbali, mama. Shikamoo, Sekela."

"Marahaba!" Uso ukafunguka wote. Sijauona ukifunguka hivyo tangu niondoke. "Umekuja kuiona nyumba?"

"Nimekuja kuiona."

Akanitembeza. Hakuinuka kitini, lakini alinitembeza chumba kwa chumba, kwa mkono. Akasema hapa ni jikoni, moshi wake unauma macho, usikae upande wa mlango. Hapa nilikuwa naweka viazi vya mbegu. Hapa alikuwa analala msichana mmoja, mtoto mzuri, alikuwa na kikohozi cha usiku, nikimsikia nakwenda kumfunika. Nikamwuliza, msichana wa nani? Akafikiri. Alifikiri kwa muda mrefu sana, Heri, na mimi nikajikuta nimeshika usukani kwa mikono miwili kama gari linakwenda. Kisha akasema, "Sijui, mwanangu. Wapita njia ni wengi. Lakini yule nilimfunika."

Nikamshukuru kwa kumfunika.

Akaniuliza kama nimekula. Akaniuliza kama huko kwetu kuna baridi, nikageuza simu nikamwonyesha theluji, akasikitika akasema viazi vyenu vimeungua basi. Nikasema vimeungua. Akasema poleni, si mhamie bondeni? Nikamwambia haturuhusiwi kuhama kwa sasa. Hilo alilielewa, akatikisa kichwa.

Halafu nikaona amechoka, macho yanafumba. Nikamwambia, Sekela, acha mimi niende, ukungu unashuka. Akaniita nisogee. Nikasogeza uso kwenye kioo. Akasema:

"Nenda salama. Ukifika kwenu, msalimie mama yako. Mwambie nimesema amezaa mtoto mwenye adabu."

Nikamwambia, "Nitamsalimia."

Dada yako,
Bernadetha